Kiangazi cha Pakiti na Masika ya Ilomba

Wasomaji wetu kadhaa wakaao Ilomba, pale kando ya barabara kuu itokayo Uyole kuingia mjini Mbeya, wametutaka tueleze ni maua gani ya rangi yafaayo kuwekwa barazani na kupandwa kandokando ya uga wa nyumba. Baadhi yao wamekwisha jaribu. Walinunua pakiti za mbegu zenye picha nzuri, wakayafuata maandishi yake sawasawa, na mwisho wake wakabaki na miche iliyokauka. Jambo hili si dogo kwa nyumba ihesabuyo fedha yake, wala hatuwezi kumlaumu aliyepanda. Kosa limo katika neno moja, nalo ni neno "kiangazi".

Pakiti nyingi ziuzwazo kwetu hutoka Ulaya, au huandikwa kwa kufuata maandishi ya huko. Husema: panda kati ya Machi na Mei, maua yatachanua Juni hadi Septemba. Mfasiri naye, alikutapo jina la majira ya joto ya Waingereza, huandika "kiangazi", maana ndivyo kamusi zisemavyo. Walakini kiangazi cha Mwingereza ni wakati wa joto, mchana mrefu, na mvua za hapa na pale. Kiangazi chetu sisi watu wa Nyanda za Juu Kusini ni ukame. Kuanzia Mei hata Oktoba mbingu hufunga. Juni na Julai upepo wa baridi hushuka milimani, vumbi hutanda barabarani, na usiku kipimo cha joto huteremka chini ya nyuzi 10. Huko juu Kitulo umande wa alfajiri hugeuka barafu. Basi mtu azipandaye mbegu zake mwezi wa Aprili kwa kuitii pakiti huzilea katika mvua ya mwisho, kisha huzikabidhi kwa baridi na kiu, tena wakati ule ule uliokuwa wa kutoa maua.

Wako wasemao ya kuwa maua ni anasa, na kwamba Mwislamu mwenye haja ya unga hana haja ya ua. Hatukubaliani nao. Katika Sura ya Naml mabustani yenye kufurahisha macho yametajwa miongoni mwa dalili za uwezo wa Mwenyezi Mungu, na hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim yatufahamisha ya kuwa apandacho Mwislamu, kikaliwa na mtu, au ndege, au mnyama, huhesabiwa kuwa sadaka yake. Anasa tuionayo sisi ni ile ya kununua pakiti kila mwaka na kuizika.

Basi hesabu ya kwanza ni nyepesi. Mbeya iko kusini ya Ikweta kwa kiasi cha nyuzi 9, juu ya usawa wa bahari kwa kiasi cha mita 1,700. Majira ya Ulaya na yetu yamepishana nusu mwaka. Palipoandikwa Machi katika pakiti, soma Septemba. Palipoandikwa Mei, soma Novemba. Na maua yaliyoahidiwa Juni, yatarajie Desemba. Maua ya kiangazi ya Wazungu ndiyo maua yetu ya masika. Mwenye kulifahamu hili ameponya nusu ya fedha yake.

Nusu ya pili yataka hesabu nyingine, kwani kuongeza miezi 6 peke yake hakutoshi. Mchana wa Juni huko Uingereza hupita saa 16. Mchana wetu mrefu kabisa, ule wa Desemba, hauzidi sana saa 12 na nusu. Tena mvua yao ni ya kunyunyiza, na yetu ya Januari ni ya kupiga. Ua lililozoea manyunyu laweza kuoza kwa wiki moja ya mvua ya Mbeya, hata likipandwa kwa wakati wake. Wataalamu wetu wa zamani walilijua jambo hili. Ibn al-Awwam wa Sevilla, aliyeandika katika karne ya 12 kitabu kikubwa cha kilimo chenye kutaja mimea kama 585, alizisoma kazi za waliomtangulia, kisha akazijaribu katika ardhi ya kwao kabla ya kuzitegemea. Kwa njia hiyo hiyo twawaomba wasomaji wetu wasiuize picha ya pakiti, bali wauize mmea: kwenu ni wapi, na mvua ya kwenu hunyesha lini?

Tukiuliza hivyo, jibu jema kuliko yote latoka mbali sana, katika nchi ya Mexico. Nyanda za juu za Mexico zafanana na zetu kwa mambo mawili: ziko juu, na zina majira moja ya mvua na moja ya ukame wa baridi. Miezi tu ndiyo imegeuka. Kutoka huko yametoka maua manne ambayo kila nyumba ya Ilomba yaweza kuyapanda bila ya hofu kubwa: marigoldi, zinia, kosmosi na dalia.

Marigoldi ni lile ua la rangi ya chungwa au manjano, lenye majani ya harufu kali, ambalo ndugu zetu wa Kihindi hulitungia mashada. Mbegu zake zisiwe na haraka. Zisiwe kitaluni baadaye kuliko katikati ya Oktoba. Humwagiwa maji kidogo asubuhi, na ifikapo mvua ya kweli mwishoni mwa Novemba miche huwa na majani ya kutosha kuhamishwa. Ile mifupi ipandwe shubiri moja mmoja na mwenzake, na ile mirefu dhiraa moja. Kwa kawaida miezi miwili na zaidi kidogo baada ya kupandwa mbegu, ua la kwanza huonekana. Likinyauka likatwe, na mmea utatoa mengine mpaka Aprili. Mwenye bustani ya nyanya ana faida ya zaidi, kwani mizizi ya marigoldi hupunguza baadhi ya minyoo midogo ya ardhini ifanyayo mafundo katika mizizi ya nyanya. Lakini faida hiyo hupatikana marigoldi ikijaza tuta zima kwa msimu, si kwa mche mmoja uliosimama pembeni kama mlinzi.

Zinia yapenda jua kali, na rangi zake ni nyingi: nyekundu, waridi, zambarau, chungwa. Haipendi kuhamishwa, kwa hiyo mbegu ipandwe palepale itakapokaa. Adui yake ni ubwiri unga, yaani ule ukungu mweupe uenezao majani kama unga wa sembe. Dawa iliyo rahisi ni kuacha nafasi ya hewa kati ya mche na mche, na siku isiyo na mvua kumwagia maji shinani badala ya majanini. Tuta la zinia lililobanwa ukutani bila ya upepo halifiki Machi likiwa zima.

Kosmosi ni ya mtu asiye na nafasi ya kulea. Hupendelea ardhi maskini. Ikitiliwa samadi nyingi hurefuka, hujaa majani, na kusahau maua. Hujimwaga yenyewe, na mwaka wa pili huota bila ya kuombwa.

Ama dalia ndiyo tunayoipenda kuliko zote kwa nyumba za Ilomba, na tutakaa nayo kidogo. Chini yake huwa na viazi vilivyoshikana kama muhogo. Viazi hivyo ndivyo vilivyoufanya mmea huu uwe mwanafunzi mwema wa ukame: mvua ikikatika, mashina hukauka, na uhai wote hurudi chini kungoja. Mwenye nyumba hukata mashina yakabaki shubiri moja, akaacha viazi ardhini, wala hana haja ya kuvimwagia maji kiangazi kizima. Udongo wetu wa Mbeya na Uyole una majivu na vijiwe vyepesi vilivyotupwa zamani na volkano ya Rungwe. Haushiki maji, na kwa hiyo viazi vya dalia havioziozi ndani yake kama vinavyooza katika udongo wa mfinyanzi. Ifikapo Oktoba, vichimbuliwe na kugawanywa. Hapa ndipo wengi hukosea. Kiazi peke yake, hata kikiwa kinene vipi, hakichipui. Jicho la dalia liko shingoni, pale kiazi kiunganapo na shina la zamani. Kila kipande kigawanywacho kiwe na sehemu ya shingo hiyo yenye jicho. Shina moja la mwaka wa kwanza laweza kutoa vipande vinne au vitano kwa mwaka wa pili, na hiyo ni zawadi nzuri kwa jirani, kwani haigharimu kitu. Kwa kuwa dalia ni ndefu na maua yake ni mazito, kila shina lichomekewe mti kando yake kabla ya Januari. Mvua ya mawe ikiishalivunja, mti hauna kazi tena.

Kwa mpangilio wa tuta la kando ya ukuta, dalia na kosmosi zikae nyuma, zinia katikati, na marigoldi fupi mbele. Sisi twapendelea rangi mbili au tatu zikae kwa makundi, kuliko kumwaga kila rangi kila mahali. Tuta la rangi zote kwa pamoja, mtu akilitazama kutoka barabarani, halimwonyeshi rangi yoyote. Lakini hili ni jambo la macho ya mtu, na kila nyumba ina macho yake.

Barazani kuna sheria nyingine. Petunia, ambayo picha zake ndizo zipambazo pakiti nyingi, huchakaa kwa mvua yetu. Maua yake hugeuka kama karatasi iliyolowa. Ikiwekwa chini ya upenu, mahali jua lifikapo na mvua isipofika, huchanua miezi mingi. Hapana haja ya vyungu vya duka. Debe la mafuta ya kula, ndoo iliyopasuka ukingo, kopo la rangi lililosafishwa vizuri, vyote vyafaa, madhali vimetobolewa matundu matano au sita chini. Bila ya matundu mizizi huzama na kufa. Vibati viwekwavyo chini ya makopo kuzuia matope vimwagwe maji yake angalau mara moja kwa wiki, kwa kuwa mbu hupata malezi humo.

Kwa baraza yenye kivuli, ambako jua halifiki, liko ua moja ambalo khabari yake yastahili kusimuliwa. Katika miji ya Ulaya na Marekani, wakati wa joto, kandokando ya nyumba hupandwa ua fupi lenye rangi nyekundu, nyeupe au ya waridi, ambalo huchanua kivulini bila ya kukoma. Mamilioni ya miche yake huuzwa huko. Watu wengi hudhani ni ua la kwao. Kwa hakika ni la kwetu: huota lenyewe katika misitu yenye unyevu, kandokando ya vijito, kutoka Kenya hata Msumbiji. Mnamo 1882 Joseph Dalton Hooker wa bustani ya Kew alilipa jina la kitaalamu la Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar, baada ya kupelekewa mmea huo na John Kirk, aliyekuwa balozi mdogo wa Uingereza Unguja; mtawala wa wakati huo alikuwa Sayyid Barghash bin Said. Baadaye wataalamu walilihesabu kuwa ni aina ile ile iliyokwisha kuitwa Impatiens walleriana, na jina la Sultani likaachwa. Leo twauziwa mbegu zake chotara katika pakiti kama kitu kigeni. Hapana haja ya pakiti. Kijiti chenye urefu wa kidole, kikitolewa kwa jirani mwenye mmea na kutiwa katika glasi ya maji, hutoa mizizi kwa muda wa wiki mbili hivi. Watoto hulipenda kwa sababu tumba lake la mbegu likikomaa hupasuka kwa kishindo kidogo likiguswa.

Hilo la kutoa maua misituni lisieleweke vibaya. Wasomaji wetu wengi wamesikia uzuri wa Kitulo, uwanda wa juu unaotazamana na Rungwe, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Tangu 2005 ni hifadhi ya taifa, na katika Afrika ya nchi za joto ndiyo ya kwanza kuwekwa khasa kwa ajili ya mimea yake. Una okidi za aina 45 au zaidi, na maua yake hujaa kati ya Desemba na Aprili, yaani majira yale yale ya tuta la Ilomba. Viazi vya okidi hizo vimechimbwa kwa wingi na kuvushwa kwenda Zambia, ambako huliwa, na uchimbaji huo ni miongoni mwa mambo yaliyofanya hifadhi iwekwe. Basi kijana arudiye kutoka matembezini na kiazi cha ua mfukoni amevunja sheria, na mara nyingi ameua mmea bure, kwani okidi nyingi za ardhini huishi kwa msaada wa kuvu fulani za udongo wa kwao na hazikai katika debe. Mwenye kupenda umbo la maua ya nyikani na anunue gladioli ya bustani. Miongoni mwa wazazi wa gladioli za leo ni ile ya nyikani mwetu yenye rangi ya moto, iotayo katika majani ya nyanda za juu wakati wa mvua. Kwa hiyo gladioli akiwa Mbeya hajioni mgeni.

Sasa tuingie katika jambo lililo zito zaidi, nalo ni maji ya kiangazi. Kuanzia Juni maji huwa ya kuhesabiwa katika nyumba nyingi, na mama wa nyumba akiambiwa achague kati ya sufuria na ua, hapana mashaka atachagua nini. Hata hivyo yako maji ambayo kila nyumba ya Kiislamu huyamwaga mara 5 kwa siku. Watu 6 wakitawadha kwa lita moja kila mtu kwa kila sala, ni lita 30, yaani debe moja na nusu kila siku. Na lita moja ni nyingi, katika Bukhari na Muslim imepokewa ya kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, ambayo ni kiasi cha theluthi mbili za lita. Katika madhehebu ya Imam Shafi maji machache yaliyokwisha kutumika katika udhu wa faradhi ni safi lakini hayatoharishi tena, hayafai kwa udhu mwingine. Kuyamwagia mmea hakuna ubaya wowote. Liwekwe karai au beseni mahali pa kutawadhia, na mtoto mmoja apewe zamu ya kuyapeleka barazani baada ya alasiri. Maji ya kufulia yenye dawa kali za kung'arisha nguo yasichanganywe nayo.

Kwa maji hayo, na kwa kuchagua vizuri, nyumba yaweza kuwa na rangi hata Julai. Jeraniamu ya makopo, ambayo asili yake ni Afrika Kusini, hustahimili kiu na baridi yetu. Imwagiwe udongo ukikauka, si kabla. Mshubiri hutoa mikuki yake myekundu katika miezi ya ukame, na ndege chozi huifuata kutoka mbali. Bogenvilea, iliyotoka Brazil, huchanua vizuri zaidi inapopata kiu kidogo, na ile rangi tuionayo si ua, bali ni majani yaliyolizunguka ua lenyewe, ambalo ni dogo na jeupe. Miiba yake ni mikali. Isiachwe kufunga njia ya wapitao. Kuondoa kiudhi njiani kumehesabiwa katika matawi ya imani, sembuse kukipanda.

Vivyo hivyo poinsetia, yenye majani mekundu ya juu. Ulaya hujulikana kwa mwezi wa Desemba, kwa sababu hugeuka rangi usiku unaporefuka. Kwetu usiku hurefuka Juni, na hapo ndipo huwaka. Watu huiogopa kuliko inavyostahili. Utomvu wake mweupe huwasha ngozi na huweza kuvuruga tumbo, basi inatosha kunawa mikono baada ya kuikata.

Kuna mimea mingine ambayo haiogopwi inavyostahili, na hapa twawaomba wazazi wasome polepole. Katika nyua nyingi za Mbeya na Iringa kuna kichaka chenye maua makubwa meupe, manjano au ya rangi ya pichi, yaningʼiniayo kama tarumbeta na kunukia sana wakati wa usiku. Jina lake la kitaalamu ni Brugmansia. Kila sehemu yake ni sumu: ua, jani, mbegu na mzizi. Mtoto aliyeitafuna hukaukiwa kinywa, mboni za macho yake hupanuka, huona mambo yasiyokuwapo, na hatari ya mauti ipo. Oleanda nayo, yenye majani membamba na maua ya waridi, hudhuru moyo. Mbegu za mbarika, zenye madoadoa ya kupendeza, huvuta mikono ya watoto, nazo ni sumu kali zikitafunwa. Yungiyungi jeupe la mabondeni, lile lenye umbo la koni ya karatasi, huchoma kinywa na koo. Katika nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka 5 tusingependa kuiona Brugmansia wala oleanda wala mbarika hata nyuma ya jiko. Na mtoto akiisha kula, asilazimishwe kutapika, wala asingojewe aone nafuu kwa maziwa. Apelekwe hospitali upesi, na tawi la mmea aliokula lichukuliwe pamoja naye, ili mganga ajue anatibu nini.

Lantana, yenye vishada vya rangi mbili tatu, ni hatari ya namna nyingine. Huvamia malisho, na majani yake huwadhuru ng'ombe na mbuzi. Ndege hula tunda lake barazani kwako na kuipanda shambani kwa jirani. Tusiipande.

Samadi ni lazima, kwani udongo wetu mwepesi hauna akiba. Ichanganywe sehemu moja ya samadi iliyooza kwa sehemu tatu za udongo. Mbichi huunguza mizizi. Kwa Mashafi samadi ni najisi, lakini kuitilia mimea kumeruhusiwa. Mwenye kuishika atatoharisha mikono na nguo kabla ya sala, na makopo mapya yasipangwe pale barazani watu watandikapo mikeka.

Kwa vijana wetu twaongeza neno moja. Kila Agosti watu wengi huenda viwanja vya John Mwakangale kwa Nane Nane na kurudi na miche ya maua. Wakati huo ni katikati ya ukame. Mche ulionunuliwa Agosti usipandwe ardhini. Ukae katika kiriba chake chini ya kivuli, upate maji ya udhu, na uingie ardhini mvua ikishalowesha udongo shubiri nzima. Na kijana aliye na tuta la marigoldi au zinia zisizokuwa chotara aweka mbegu zake Aprili katika bahasha ya karatasi, mahali pakavu, aweza kuwa na miche ya kuuza Novemba, wakati ambao watu huitafuta kando ya barabara.

Waridi lina mambo mengi, hatutaligusa leo. Lakini ndugu zetu waliohamia Ilomba kutoka Tanga, Pangani na Unguja wametuandikia juu ya asumini, na hatuwezi kuwanyima jibu. Asumini ya pwani haiipendi Julai ya Mbeya. Majani hupata manjano na ncha hufa. Iwekwe katika debe, ili iweze kuhamishwa. Vitabu vya Ulaya vyashauri mmea wa joto uwekwe mbele ya ukuta utazamao kusini. Kwetu ni kinyume, kwa kuwa mwezi wa Juni jua la adhuhuri hupita kaskazini yetu. Na nyumba ya Kiislamu haina haja ya dira kuujua ukuta huo, maana kutoka Mbeya kibla iko karibu na kaskazini, ikiegemea mashariki kidogo tu. Ukuta wa nje utazamao kibla ndio upatao jua la baridi na kulihifadhi joto lake mpaka usiku. Debe la asumini likae hapo kuanzia Mei hata Septemba, likipewa maji machache, bila ya mbolea na bila ya kukatwa matawi. Oktoba litiwe samadi, ncha zilizokufa zikatwe, na maji yaongezwe. Maua ya kutosha kikuba kimoja huenda yasipatikane kabla ya Januari.